Mwongozo wa Mvinyo wa Piemonte: Anza na Barbera

Ukiuliza habari za mvinyo wa Piemonte, jina la kwanza utakalotajiwa ni Barolo, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza fedha zao. Mtu anaingia dukani, anachagua Barolo ya bei ya chini kuliko nyingine zote, anaifungua jioni ileile, na anachokutana nacho ni kinywaji kikavu kinachobana kinywa. Anahitimisha kwamba sifa zilizidi ukweli. Ushauri wangu ni kwamba ufuate njia ya wenyeji wenyewe. Anza na Barbera na Dolcetto, ambazo ndizo zinazomiminwa siku za kawaida katika nyumba za Asti na Alba, kisha upande taratibu hadi Nebbiolo, zabibu ya Barolo. Ukifika Barolo kwa njia hiyo, utakuwa unajua unachokitafuta na utajua pia kwa nini kinastahili bei yake.

Piemonte iko kaskazini-magharibi mwa Italia, na mji wake mkuu ni Torino. Milima ya Alps imeuzingira mkoa upande wa magharibi na kaskazini, na Apennini imeuziba kusini. Sehemu kubwa ya mizabibu iko kwenye vilima vya kusini-mashariki: Langhe kuuzunguka mji wa Alba, Roero ng'ambo ya mto Tanaro, na Monferrato kuuzunguka mji wa Asti. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza mandhari ya mashamba haya katika orodha ya Urithi wa Dunia. Majira ya baridi huko ni makali, ukungu hutanda mabondeni wakati wa mavuno, na mvua ya mawe ni adui anayeogopwa kila kiangazi. Mkulima wa zabibu wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Wa Piemonte huvuna mara moja tu, na dakika chache za mvua ya mawe zinaweza kumwachia vikonyo vitupu. Kwa hiyo mwaka wa mavuno unaouona kwenye lebo si pambo. Soma mwaka huo kabla ya kutazama bei.

Jambo litakalokurahisishia kazi ni kwamba mvinyo mwingi wa Piemonte hutokana na aina moja tu ya zabibu. Lebo inaweza kutaja zabibu na mahali, kama Barbera d'Asti au Dolcetto d'Alba. Inaweza pia kutaja mahali peke yake, ikichukulia kwamba wewe mwenyewe unajua zabibu ni ipi: Barolo na Barbaresco ni Nebbiolo tupu, Gavi ni Cortese, Nizza ni Barbera. Majina hayo machache ukiyashika, nusu ya kazi imekwisha. Kisha tafuta herufi DOC au DOCG. Hizo ni daraja za kisheria zinazosema zabibu zilimwe wapi, ziwe za aina gani, na mvinyo ukae muda gani kabla ya kuuzwa. Daraja la juu ni DOCG, na chupa yake hubandikwa shingoni utepe wa serikali wenye namba. Chupa ya Barolo isiyo na utepe huo iache hapohapo rafuni.

Sasa Barbera. Hii ndiyo zabibu nyekundu iliyopandwa kwa wingi kuliko zote mkoani. Mvinyo wake ni wa rangi nzito inayoelekea zambarau, una tanini kidogo, yaani ule ukakasi unaobana kinywa, na uchachu mwingi. Uchachu ndio unaoifanya ipendwe mezani, kwa kuwa hukata mafuta na kukufanya utake tonge jingine. Wenyeji huinywa na soseji, na tambi zilizojazwa nyama, na bagna cauda, mchuzi wa moto wa vitunguu saumu, mafuta ya zeituni na samaki wadogo waliohifadhiwa kwa chumvi, ambao huchovewa mboga. Msomaji wa Arusha au Nairobi akiniuliza ni chupa gani ya Piemonte aiweke karibu na nyama choma ya mbuzi, nitamjibu Barbera bila kusita.

Lakini Barbera gani? Ile ya Alba hutoka katika vilima ambavyo miteremko yake bora imekwishatengewa Nebbiolo. Barbera hupata inayobaki. Kule Asti hali ni kinyume: Barbera ndiyo mwenye nyumba na hupandwa mahali penye jua zuri zaidi. Hivyo, kama hulijui jina la mtengenezaji, elekea Barbera d'Asti. Ukiona neno Superiore, mvinyo huo umekaa muda mrefu zaidi kabla ya kutoka, sehemu yake ndani ya mapipa. Ukiona Nizza, uko kileleni: Barbera tupu kutoka vijiji vinavyouzunguka mji wa Nizza Monferrato, iliyokaa angalau miezi 18, na iliyopewa daraja lake la DOCG mwaka 2014.

Heshima hiyo haikuja kwa urahisi. Kwa vizazi Barbera ilihesabiwa kuwa mvinyo wa vibarua, ikiuzwa kwa wingi na kwa bei ya kutupa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Giacomo Bologna wa kijiji cha Rocchetta Tanaro alifanya jambo ambalo majirani waliliona la ajabu: alivuna zabibu za Barbera kutoka shamba moja zuri, akauweka mvinyo wake katika mapipa madogo mapya ya mwaloni ya lita 225, akauita Bricco dell'Uccellone. Mavuno ya kwanza yalikuwa ya mwaka 1982. Ghafla Barbera ikawa na umbo, ikakaa miaka bila kuharibika, ikauzwa kwa bei ya mivinyo mikubwa. Kisha likaja balaa la mwaka 1986. Wafanyabiashara wachache walichanganya metanoli katika mvinyo wa bei ya chini ili kuongeza kiwango cha kilevi, na zaidi ya watu 20 wakafa nchini Italia. Aibu ile iliwaangukia wakulima wasio na hatia wa Piemonte yote. Mizabibu iling'olewa na masoko ya nje yakafungwa. Waliobaki walielewa kwamba hawawezi tena kuishi kwa kuuza wingi. Ninaamini kabisa kwamba ubora unaoupata leo katika Barbera ya bei ya kawaida ulianza kujengwa katika maumivu yale, na ndiyo sababu sipendi kusikia mtu akiiita mvinyo wa daraja la pili.

Dolcetto haihitaji maneno mengi. Jina lina utamu, lakini mvinyo wenyewe ni mkavu, wenye rangi ya kukolea, uchachu mdogo na uchungu mwembamba wa lozi mwishoni. Zabibu zake huiva mapema, hivyo mkulima huzipanda kwenye miteremko yenye baridi ambako Nebbiolo isingeiva. Mji wa Dogliani peke yake umeipa Dolcetto mashamba yake bora. Huko ndiko Luigi Einaudi, aliyekuwa rais wa Italia kuanzia 1948 hadi 1955, alikokuwa na mizabibu yake. Nunua Dolcetto changa, inywe ndani ya miaka miwili au mitatu, wala usiihifadhi kwa ajili ya harusi ya mtoto.

Tufike kwa Nebbiolo, zabibu ngumu kuliko zote nilizozitaja. Huchipua mapema, ikiwa katika hatari ya baridi ya mwisho ya majira, na huiva kwa kuchelewa, mara nyingi katikati ya Oktoba wakati mvua za vuli zimekaribia. Inataka mteremko unaotazama kusini, kwenye jua, na si chini bondeni kwenye ukungu. Wazee wa Langhe walizitambua sehemu zake kwa kutazama theluji inayeyuka wapi kwanza. Ndiyo sababu utakuta kwenye lebo maneno kama Bricco, yaani kilele cha kilima, na Sorì, yaani mteremko wa jua. Mkulima anakwambia shamba lake liko upande gani wa mbingu.

Mimina Nebbiolo kwenye glasi na usidanganyike na rangi. Ni nyekundu hafifu, na ikizeeka huelekea rangi ya matofali. Macho yatakwambia ni mvinyo mwepesi. Kisha unainusa na kupata waridi, cheri, pengine lami na majani makavu. Unapiga funda na tanini inakukamata ulimi na fizi. Ukakasi ule unaoupata ukila bibo ndio huo, ila hapa umebeba harufu nzuri na haukuachi haraka. Wakati ndio unaoulainisha. Chakula pia huulainisha: nyama ya ng'ombe iliyopikwa saa nyingi kwa moto mdogo, jibini iliyokomaa, au tajarin, tambi nyembamba za viini vingi vya mayai ambazo watu wa Alba huzipaka siagi.

Kabla ya Barolo, kutana na zabibu hii katika chupa ya Langhe Nebbiolo. Sheria haiilazimishi kukaa pipani, na watengenezaji wengi wa Barolo huitumia kwa zabibu za mizabibu yao michanga. Unapata mkono uleule wa fundi kwa sehemu ya bei. Kama huna fedha za kutosha kwa Barolo nzuri, nakusihi, usinunue Barolo mbaya. Nunua Langhe Nebbiolo ya mtengenezaji mzuri.

Barolo hulimwa katika vijiji 11 kusini-magharibi mwa Alba. Sheria inautaka mvinyo ukae miezi 38 tangu mavuno, 18 kati ya hiyo ikiwa ndani ya mbao. Ukiandikwa Riserva umekaa miezi 62. Zaidi ya hapo, kinachotofautisha chupa na chupa ni udongo. Upande wa magharibi, La Morra na kijiji chenyewe cha Barolo, udongo ni tope la chokaa la rangi ya buluu-kijivu, na mvinyo wake huwa laini na wenye manukato mapema. Upande wa mashariki, Serralunga d'Alba na Monforte d'Alba, mawe ni ya zamani zaidi na magumu zaidi, na mvinyo huwa mkali, unaodai miaka kumi au zaidi. Castiglione Falletto iko katikati kwa ramani na kwa tabia. Mara nyingi lebo hutaja kijiji au shamba, kama Cannubi. Tangu mwaka 2010 majina ya mashamba ya Barolo yamewekewa mipaka rasmi. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, chagua La Morra. Serralunga inunue ukiwa na mahali pa kuihifadhi na moyo wa kungoja.

Utasikia pia watu wakibishana kuhusu Barolo ya kizamani na ya kisasa. Ugomvi huo ulikuwa wa kweli. Miaka ya 1980 vijana kama Elio Altare wa La Morra walitaka kufupisha muda wa kuloweka maganda na kutumia mapipa madogo mapya ya Kifaransa. Altare aliyakata mapipa makubwa ya baba yake kwa msumeno wa mashine, na baba akamnyima urithi. Upande wa pili Bartolo Mascarello alishikilia mapipa makubwa ya zamani hadi kifo chake mwaka 2005, akichora lebo kwa mkono wake kutangaza msimamo. Leo kila upande umejifunza kwa mwenzake. Ukipenda harufu ya vanila na mbao, tafuta mivinyo iliyolelewa katika mapipa madogo. Mimi napenda pipa kubwa, kwa kuwa linaiacha Nebbiolo iseme bila kuzibwa mdomo.

Barbaresco, mashariki mwa Alba, ina eneo la mizabibu linalokaribia theluthi moja tu ya lile la Barolo. Iko chini kidogo na karibu zaidi na Tanaro, zabibu huiva mapema kidogo, na sheria inataka miezi 26 badala ya 38. Wengi huiita ndugu mdogo wa Barolo, nami nadhani wanaikosea haki. Hapa ndipo kuna hadithi ninayotamani kila mwanaushirika wa Afrika Mashariki aijue. Mwaka 1894 Domizio Cavazza, mkuu wa shule ya mvinyo ya Alba, aliwakusanya wakulima tisa wa Barbaresco watengeneze mvinyo pamoja badala ya kuuza zabibu zao kwa jina la Barolo. Ushirika huo ulifungwa katika miaka ya 1920, enzi za mafashisti. Mwaka 1958 paroko wa kijiji, Padre Fiorino Marengo, alipoona vijana wanakimbilia viwandani, aliwaunganisha tena wakulima 19, na mavuno ya kwanza yakatengenezwa chini ya kanisa. Ushirika huo, Produttori del Barbaresco, bado upo, unashughulika na Nebbiolo peke yake, na katika miaka mizuri hutoa Riserva za mashamba tisa tofauti: Asili, Rabajà, Montestefano na mengineyo, zote zikitengenezwa kwa njia moja. Hakuna shule bora ya kujifunza maana ya shamba katika mvinyo. Na bei zao, kwa ubora huo, ni za kiungwana.

Kama bajeti ni ndogo zaidi, tazama kaskazini, chini ya mlima Monte Rosa, ambako Nebbiolo huitwa Spanna. Gattinara, Ghemme na Boca hutoa mivinyo myembamba zaidi ya mwili, yenye uchachu na harufu safi, mara nyingine ikichanganywa na Vespolina kidogo. Udongo wa Gattinara umetokana na mawe ya volkano. Majina haya hayana kelele za Barolo, kwa hiyo bei yake haijapanda sana.

Miaka ya kukumbuka: 2010, 2013, 2016 na 2019 ilikuwa mizuri na yenye uwiano, na inafaa kuhifadhiwa. 2017 ilikuwa ya joto na ukame, 2014 ya mvua nyingi. Fundi mzuri hutoa mvinyo mzuri hata mwaka mbaya, lakini usilipe bei ya 2016 kwa chupa ya 2014.

Kwa mvinyo mweupe, Gavi ndiyo inayopatikana kwa urahisi: safi, chachu kiasi, inafaa samaki wa kuchoma. Arneis ya Roero ina mwili zaidi na harufu ya peasi. Zabibu hii ilikaribia kutoweka. Ilikuwa imebakizwa kwenye safu za Nebbiolo ili ndege wavutwe na utamu wake na kuiacha zabibu yenye thamani. Mwaka 1967 Alfredo Currado wa Castiglione Falletto aliikusanya kutoka kwa wakulima mbalimbali akatengeneza mvinyo wake peke yake. Walter Massa alifanya kazi kama hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa Timorasso, katika vilima vya Tortona, na kwangu huo ndio mvinyo mweupe mkubwa wa Piemonte: mzito, wa madini, unaokua ndani ya chupa kwa miaka mingi. Siku hizi huandikwa Derthona. Na katika Monferrato, padre mwingine, Giacomo Cauda wa Castagnole, aliinusuru Ruchè, zabibu nyekundu yenye harufu kali ya waridi na viungo. Ukiiona popote, inunue.

Moscato d'Asti wasomaji wengi watakuwa wameshaionja, au wameonja mwigo wake. Ni tamu, ina mapovu kidogo, na kilevi chake ni karibu asilimia 5 tu, kwa sababu mchachuko husimamishwa kwa ubaridi kabla sukari yote haijaliwa na hamira. Asti Spumante ni ndugu yake mwenye mapovu mengi, kilevi zaidi na kizibo kilichofungwa kwa waya. Zote mbili zinunue za mwaka wa karibuni kabisa. Moscato ya miaka minne haina tena ile harufu ya maua uliyoilipia. Barolo Chinato ni jambo jingine: Barolo iliyotiwa sukari, viungo na gamba la mkwinini, mti uleule uliotupa dawa ya malaria. Mfamasia Giuseppe Cappellano wa Serralunga ndiye aliyeipa umaarufu katika karne ya 19. Kipande kidogo cha chokoleti chungu na glasi ndogo ya Chinato baada ya chakula vinatosha.

Kuhusu kuandaa. Vitabu vya Ulaya vinasema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, lakini chumba wanachokisema si cha Mombasa wala Dar es Salaam. Nebbiolo inataka nyuzi 16 hadi 18, Barbera na Dolcetto chini kidogo ya hapo. Tia chupa kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina. Moscato iwe baridi kabisa. Barolo isimamishe wima siku moja kabla ili mashapo yatulie chini, ifungue saa mbili au tatu mapema, na uimimine polepole kwenye jagi la kioo. Kama huna chumba cha baridi cha kuhifadhia, usinunue chupa za kuweka miaka kumi; joto la pwani litazipika. Nunua zile zilizokwisha kukomaa, na uulize muuzaji zilisafirishwa na kuwekwa vipi. Kizibo kilichosukumwa juu au alama za mvinyo uliovuja chini ya kifuniko ni dalili kwamba chupa ilipata joto.

Ukijaliwa kwenda mwenyewe, panda treni kutoka Torino hadi Alba. Oktoba na Novemba ni msimu wa uyoga mweupe wa ardhini ambao mji huo unajulikana kwao duniani, na malazi hupanda bei. Mei na Juni ni tulivu, na wenye mashamba wana nafasi ya kuzungumza. Wengi wao hupokea wageni kwa miadi, kwa hiyo andika wiki kadhaa kabla. Anzia Barbaresco, ambako kanisa la zamani la San Donato limegeuzwa nyumba ya kuonjea mvinyo wa kijiji kizima. Omba chupa mbili za mwaka mmoja kutoka mashamba mawili tofauti, zionje pamoja, mate yakitulia kati ya moja na nyingine, na uandike unachokipata kabla ya kusikiliza maelezo ya mwenyeji wako.